Jeli Inayoganda kwa Joto la Mwili: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza na Kuipima Katika Maabara ya Nairobi

Kila mwaka, jua la Februari likipamba moto, naletewa bika lile lile. Juu kuna povu la vidole viwili, katikati yanaelea madonge yenye ngozi nyororo kama ya uji uliotiwa unga kwa pupa, na chini kuna tabaka lililong'ang'ania kioo. Mwenye bika amekoroga kwa muda wa saa 4. Alipoona haliyeyuki akaongeza moto, na mambo yakaharibika zaidi. Swali huwa moja: "Mwalimu, huu unga ni feki?"

Unga si feki. Amefanya ambalo yeyote aliyekulia jikoni angefanya: kitu kikigoma kuyeyuka, kipe moto. Lakini unga huo ni poloksama 407, polima (kemikali ya molekuli ndefu kama nyuzi) inayotengenezewa jeli hii, nayo haitaki hivyo. Samli huwa ngumu kwenye baridi ikayeyuka juani. Hii huyeyuka kwenye baridi na kuganda ikipata joto. Yai nalo huganda kwa moto, ila yai halirudi nyuma. Hii ukiipoza inakuwa majimaji tena.

Ndiyo maana inatafutwa sana. Unachanganya dawa ndani yake ikiwa majimaji, unaidondosha jichoni, unaipuliza puani au unaimimina kwenye kidonda chenye shimo, nayo ikigusa mwili inaganda pale pale na kuachia dawa kidogo kidogo badala ya kutiririka na kupotea.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti mwenye maabara ya kawaida: friji, mizani na barafu. Haukuandikwa kwa ajili ya kutengeneza dawa ya kujipaka nyumbani, na sababu zake utazikuta mbele. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kabla kila kitu hakijafika mezani. Kazi hii haisubiri mtu aende kutafuta barafu.

- Unga wa poloksama 407, ambao pia huuzwa kwa jina la Pluronic F127. Angalia nambari ya toleo (kundi la unga uliotengenezwa pamoja) kwenye mkebe na uiandike daftarini.
- Maji yaliyotoneshwa (distilled), yaliyokaa kwenye friji tangu jana.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01.
- Bika 2 za mililita 100, na beseni pana la barafu.
- Kikorogeo cha sumaku.
- Kipimajoto chembamba kinachoingia kwenye kichupa.
- Vichupa vya kioo vya mililita 10 vyenye kifuniko, angalau 12, vya aina moja.
- Chombo cha maji kinachodhibiti joto nyuzi 1 kwa 1. Kama huna, sufuria pana ya maji, kipimajoto na uvumilivu vinatosha.
- Karatasi ya foili, kalamu isiyofutika, daftari.
- Kwa hatua za mwisho: mabomba ya sindano, vichujio vya mikroni 0.22, bafa ya fosfeti ya pH 7.4 (myeyusho unaoshikilia kiwango cha asidi, yaani pH, kisibadilike), na nafasi kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima wingi wa dawa kwa mwanga.

Kuhusu maji, usichote ya mfereji wala ya kisima. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi na chumvi nyingine, na chumvi huvuruga joto la kuganda, kama utakavyoona. Chupa za "maji ya betri" za vituo vya petroli nazo ziache. Huwezi kujua chupa ilibeba nini kabla ya kujazwa tena.

### Kipime kipimajoto chako

Wengi huruka hapa, kisha wanakuja na namba zisizokubaliana hata na zao wenyewe za wiki iliyopita. Ponda barafu, itie maji kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto. Kisome 0. Kikisoma 1.5, andika hivyo na upunguze 1.5 kwenye kila kipimo.

Ukitaka kukijaribu pia kwenye maji yanayochemka, kumbuka unaishi wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu na nyuzi 94. Nimeona kipimajoto kizima kabisa kikitupwa kwa kuwa "hakifiki 100".

## Kwa nini poloksama, na si nyingine

Polima zinazoitikia joto ni nyingi. Poli-N-isopropilakrilamidi ndiyo maarufu zaidi kwenye machapisho. Hubadilika karibu na nyuzi 32, na watafiti wa Japani huitumia kukuzia tabaka za seli ambazo hubanduka zenyewe sahani ikipozwa. Lakini haiozi mwilini, na kijenzi chake, kisipooshwa chote, ni sumu. Kitosani iliyochanganywa na gliserofosfeti ni nzuri, na kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa, ila udhibiti wa pH wake unahitaji mkono uliozoea. Zipo pia polima zenye vipande vya asidi laktiki na glikoliki, ambazo hudumu mwilini kwa wiki kadhaa. Bei yake itakukausha.

Poloksama 407 inanunulika, imezoeleka kwenye dawa za kupaka na za macho, na ukikosea unaipoza na kuanza upya. Kwa anayejifunza, sioni sababu ya kuanza na nyingine.

Udhaifu wake uujue mapema: jeli yake huliwa na maji ya mwili ndani ya saa chache, au siku chache ikiwa mahali pakavu kiasi. Ukiahidi kwenye pendekezo lako la utafiti kwamba itaachia dawa kwa mwezi mzima, mkaguzi makini atalirudisha.

## Kinachotokea ndani ya chupa

Soma sehemu hii hata kama una haraka, kwa sababu kila onyo huko mbele linatokana nayo.

Molekuli ya poloksama ni uzi wenye vipande 3. Ncha zote 2 hupenda maji. Kipande cha katikati huyavumilia tu. Kwenye baridi, maji hukizunguka kile cha katikati na kukishika, na uzi mzima huelea kwa amani. Joto likipanda, maji hayo huachia. Vipande vya katikati hukimbiliana na kujificha pamoja, ncha zikabaki nje. Hapo umepata kijimpira kinachoitwa miseli.

Miseli chache hazigandishi kitu. Zikiwa nyingi mno, hubanana kama machungwa ambayo mama wa soko la Marikiti ameyapanga piramidi: kila moja limekaliwa na jirani zake, hakuna linaloweza kusogea. Huko kubanana ndiko jeli. Hakuna kifungo cha kemikali kilichotengenezwa, na ndiyo maana baridi huifungua tena.

Kwa hiyo mambo 2 yanaamua: wingi wa polima na joto. Ukikosea mizani kwa kiasi kidogo, umehamisha joto la kuganda kwa nyuzi kadhaa.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kwa uzito, si kwa ujazo

Tuanze na gramu 50 za jeli ya asilimia 18.

Poloksama: 50 × 0.18 = gramu 9.00. Maji: gramu 41.00.

Ukiweka dawa ya asilimia 1, yaani gramu 0.50, zitoe kwenye maji: yatabaki gramu 40.50. Usizitoe kwenye polima.

Kosa linalorudiwa sana ni kutia unga kisha "kujaza hadi mililita 50". Povu hukudanganya mstari uko wapi, na ukingoja litulie umeshachoka na umeshakadiria. Pima kila kitu kwa gramu.

Pima pia bika tupu pamoja na sumaku yake, uandike. Namba hiyo utaihitaji kesho asubuhi.

## Hatua ya 2: Poza kila kitu, kikiwemo kikorogeo

Weka bika lenye maji ndani ya beseni la barafu hadi lisome nyuzi 4 au 5. Kisha gusa uso wa kikorogeo kwa kiganja.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilipoanza, nilipoteza mchana mzima na gramu 20 za unga kwa sababu aliyenitangulia alikuwa amechemsha bafa juu ya kikorogeo kile kile. Swichi ya moto ilikuwa imezimwa, ila bamba lilikuwa bado na joto. Maji yangu yalikuwa nyuzi 5 juu na zaidi ya 20 chini. Unga ulizama, ukaganda kwenye sakafu ya bika, na sumaku ikakwama ndani yake kama gari kwenye matope ya Aprili.

Beseni la barafu likae katikati ya bika na kikorogeo muda wote. Kama sumaku haivuti kupitia beseni lako, tafuta beseni jembamba zaidi; usiondoe barafu.

## Hatua ya 3: Nyunyiza unga

Koroga taratibu, sumaku izunguke bila kuchimba shimo la hewa katikati. Poloksama hutoa povu kama sabuni, na kila kiputo unachokiingiza sasa utakikuta kwenye jeli.

Nyunyiza unga kwa kijiko kidogo, kama unavyonyunyiza chumvi, gramu 1 hivi kwa wakati. Subiri uloane na kuzama kabla ya kutia mwingine. Gramu 9 zichukue dakika 30 hadi 40. Ukimwaga wote mara moja, nje ya kila donge hulowa na kuwa ngozi inayozuia maji kufika ndani, na donge hilo halitafunguka leo.

Ikiwa dawa yako huyeyuka kwenye maji, iyeyushe kwenye maji baridi kabla ya unga. Isipoyeyuka vizuri, itie baada ya polima kuyeyuka, maana kiini cha miseli hupenda vitu vinavyokwepa maji na mara nyingi huzipokea dawa hizo. Jaribio la kwanza kabisa, hata hivyo, lifanye bila dawa. Tia tone la rangi ya chakula kama unataka kuona vizuri.

Unga wote ukishaingia, endelea kukoroga kwenye barafu kwa muda wa saa 1. Madonge machache yakibaki, yaache. Usiyaponde kwa fimbo ya kioo.

## Hatua ya 4: Ilaze kwenye friji

Funika kwa foili, weka kwenye friji ya nyuzi 4, saa 12 hadi 24. Usiku huu mmoja unafanya kazi ambayo hakuna kikorogeo kinachoiweza: madonge hujifungua yenyewe, povu hupasuka, viputo hupanda na kutoka.

Usiiweke kwenye sehemu ya kugandisha barafu. Maji yakiganda hujitenga na polima.

Mafanikio yanaonekanaje: asubuhi inua bika dhidi ya dirisha. Majimaji yawe angavu kama maji ya chupa, bila nyuzinyuzi wala wingu. Ukiinamisha, yatiririke kwa uzito kidogo, kama sharubati. Ukiona mawimbi ya kupinda mwanga chini, polima haijasambaa sawa: koroga kwenye barafu dakika 20 na uilaze tena.

Sasa rudi kwenye mizani. Pangusa nje ya bika kabisa, maana tone 1 la barafu lililoyeyuka litakuharibia hesabu, kisha pima. Tuseme bika na sumaku vilikuwa gramu 81.60; pamoja na jeli vingepaswa kuwa 131.60. Ukisoma 130.80, gramu 0.80 za maji zimepotea. Zirudishe kwa maji baridi, koroga dakika 10.

Umeme ukikatika wikendi na ukakuta jeli imeganda ndani ya chupa, usiitupe. Ipoze, ingoje irudi kuwa majimaji, ipime uzito, na uandike daftarini kilichotokea. Ikiwa ina dawa isiyostahimili joto, hiyo ni habari nyingine, tengeneza upya.

## Hatua ya 5: Tafuta joto lake la kuganda

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja vizuri, fanya hii.

1. Mimina gramu 2 za majimaji baridi kwenye kila kichupa, vichupa 3. Funga.
2. Kichupa cha 4 kiwe na majimaji yale yale, na kipimajoto kikiwa katikati yake. Hiki ndicho utakachokisoma. Maji ya nje hupata joto kabla ya jeli ya ndani, na anayesoma maji huandika namba iliyo juu kuliko ukweli.
3. Anza nyuzi 15. Pandisha nyuzi 1, subiri dakika 5.
4. Toa kichupa, kipindue juu chini, hesabu sekunde 30. Kikitiririka, kirudishe haraka.
5. Joto la kwanza ambalo vichupa vyote 3 vimepinduliwa na hakuna kilichosogea kwa sekunde 30, ndilo joto la kuganda.
6. Shusha tena nyuzi 1 kwa 1 uone kinafunguka wapi.

Usitikise kichupa, usikigongegonge. Ukikipindua, angalia mstari wa juu ya jeli ukibaki umening'inia kama dari. Ukiona unalegea na kushuka upande mmoja polepole, bado. Hiyo ni nusu jeli. Wengi huandika joto la nusu jeli kwa sababu wamechoka.

Kwa maji matupu, tegemea asilimia 20 kuganda mahali fulani kati ya nyuzi 20 na 25, asilimia 18 ikafika 25 na kupita kidogo, na asilimia 16 ikapanda hadi 30 au zaidi. Chini ya asilimia 15 hivi usitarajie jeli imara kwenye joto la mwili. Hizo ni alama za njiani tu. Namba yako ni ile uliyoipima wewe, kwa unga wako, siku hiyo.

### Kuhusu "joto la chumba"

Ningependa neno hili lifutwe kwenye ripoti za hapa. Vitabu vingi vinapoliandika vinamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Asubuhi ya Julai, maabara isiyo na kipasha joto hapa Nairobi inaweza kusoma 16. Alasiri ya Februari, chumba kinachotazama magharibi kinapita 27.

Matokeo yake ni haya: jeli ile ile ya asilimia 18 inapimwa Julai, mtu anaandika "majimaji kwenye joto la chumba, imefaulu". Februari mwenzake anaivuta kwa pipeti, inaganda ndani ya ncha. Wanaanza kulaumiana kuhusu unga. Hakuna aliyekosea kutengeneza. Hakuna aliyeandika namba.

## Hatua ya 6: Sogeza joto hadi unapolitaka

Kwanza jua unapeleka wapi. Uso wa ngozi na jicho ni karibu nyuzi 32 hadi 34, pua ni karibu hapo hapo, njia ya haja kubwa ni 37. Lengo langu la kawaida ni joto la kuganda la 29 hadi 32: juu ya alasiri ya Februari, chini ya jicho.

Ikiganda mapema mno, ongeza maji baridi. Kushusha gramu 50 za asilimia 18 hadi 17: gramu 9 ÷ 0.17 = 52.94, kwa hiyo ongeza gramu 2.94. Njia nyingine ni kutia kiasi kidogo cha poloksama 188, nduguye mfupi, ambaye mara nyingi hupandisha joto la kuganda kwa kuvuruga mpango wa yale machungwa. Ethanoli nayo hupandisha.

Ikichelewa kuganda, ongeza unga. Kutoka 18 hadi 19 kwa gramu 50 unahitaji gramu 0.62, na unairudisha kwenye friji usiku mwingine. Chumvi ya kawaida nayo hushusha joto la kuganda, kwa kuwa huyavuta maji yaliyokuwa yamekishika kile kipande cha katikati.

Hapo kwenye chumvi ndipo wengi wanapopigwa bila kujua. Unatengeneza kwa maji, unapima, unapata 30 safi. Kisha unasema dawa ya jicho lazima ilingane na chumvi ya machozi, unabadilisha maji kwa bafa ya fosfeti, na hupimi tena. Fosfeti ina nguvu kuliko chumvi ya kawaida katika jambo hili. Joto linashuka, na jeli inaganda kwenye chupa ya matone. Dawa yenyewe, hasa iliyo katika umbo la chumvi, inaweza kufanya hivyo pia. Kila unapobadilisha kitu chochote, hata kihifadhi, rudia hatua ya 5.

Kwa jicho kuna mtego wa pili: machozi huichanganya jeli yako. Kipimo kinachotumika sana ni mikrolita 40 za jeli kwa mikrolita 7 za machozi bandia. Changanya kwa uwiano huo, pima tena. Jeli iliyoganda 29 peke yake ikakataa kabisa kuganda baada ya kuchanganywa, haifai jicho, hata ingependeza vipi kwenye kichupa.

## Hatua ya 7: Ipitishe kwenye sindano

Kama matumizi ni ya sindano, vuta mililita 1 ya majimaji baridi kwenye bomba, funga sindano nyembamba, na uisukume ndani ya maji ya nyuzi 37. Inapaswa kutoka kama uzi na kujikunja kuwa donge dogo angavu chini ya chombo, bila kusambaa kama moshi.

Ikikwama kabla ya kutoka, tatizo mara nyingi ni vidole vyako. Bomba lenye mililita 1 hupata joto la mkono haraka sana. Lishike kwenye masikio yake ya nyuma tu, na liwe limelala kwenye barafu hadi dakika ya mwisho.

## Hatua ya 8: Pima inavyoachia dawa

Usitumie mfuko wa utando. Utando huzuia jeli isimomonyoke, ilhali kumomonyoka ndiko hasa kunakoachia dawa kwenye poloksama. Utapata mstari mzuri wa kitu kisichotokea mwilini.

Fanya hivi: weka gramu 2 za jeli kwenye kichupa chenye mdomo mpana, iache igande nyuzi 37 kwa dakika 15, pima uzito wote. Mimina juu mililita 2 za bafa iliyokwisha kufika nyuzi 37. Bafa ya joto la chumba itayeyusha uso wa jeli kabla saa haijaanza. Tikisa polepole, karibu mizunguko 50 kwa dakika. Kila dakika 30, mwaga bafa yote kwenye kichupa kingine, pangusa kichupa cha jeli, kipime, kirudishie bafa mpya yenye joto.

Uzito uliopotea unakuambia jeli iliyoyeyuka. Bafa iliyomwagwa, ukiisoma kwenye spektrofotomita, inakuambia dawa iliyotoka.

Mafanikio yanaonekanaje: ukivichora kwenye grafu, mistari yote 2, wa jeli na wa dawa, ikipanda pamoja, karibu imenyooka, basi dawa inatoka kadiri jeli inavyoliwa. Dawa ikitangulia mbali, inajipenyeza kupitia maji yaliyo katikati ya miseli. Ikiwa nusu ya dawa imetoka dakika 30 za kwanza, tazama kama jeli ilikuwa imeganda kweli ulipomimina bafa.

## Kuua vijidudu, na mwinuko wa Nairobi

Una njia 2. Ya kwanza ni kuchuja kwenye mikroni 0.22, kila kitu kikiwa kwenye barafu, bomba na kichujio pamoja. Majimaji ni mazito, kwa hiyo sukuma polepole. Ukilazimisha utapasua kichujio bila kuona. Na kumbuka kichujio hakiondoi sumu zilizoachwa na bakteria waliokwisha kufa.

Ya pili ni mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, ndani ya vichupa vilivyofungwa. Jeli itarudi majimaji ikipoa. Lakini ukitumia jungu la mvuke linaloonyesha shinikizo pekee, usisimame kwenye pauni 15 kwa inchi ya mraba kama kitabu kinavyosema. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na pauni 15 hapa hukupa karibu nyuzi 118 tu. Unahitaji karibu 18, au bora zaidi, jungu lenye kipimajoto. Pima uzito wa vichupa kabla na baada, na rudia hatua ya 5.

Kuhusu vihifadhi: miseli zinazopokea dawa zisizopenda maji huvipokea pia vihifadhi vya aina ya parabeni na kuvificha. Kwenye hesabu kipo cha kutosha, ila bakteria hawakutani nacho. Hii ni sababu moja ya kutompa mtu yeyote chupa uliyotengeneza benchini kwako.

Sababu ya pili: poloksama 407 ikidungwa mwilini kwa kipimo kikubwa hupandisha mafuta kwenye damu. Kwa panya imefahamika kiasi kwamba watafiti huitumia makusudi kuwapa hali hiyo. Kwa hiyo usijidunge, usimpake jirani, usimpe shangazi mwenye kidonda kisichopona, hata akikuomba kwa machozi. Mpeleke kliniki.

Ukifikia wanyama au watu, kuna mlango wa kamati ya maadili ya taasisi yako, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na kwa majaribio ya dawa kwa binadamu, idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Anza barua hizo mapema, huku ukiendelea na vichupa.

## Cha kuandika kwenye chupa

Lebo yangu ina mistari 5: asilimia ya polima kwa uzito, nambari ya toleo la unga, kiyeyushi (maji au bafa, na ipi), tarehe, na joto la kuganda lililopimwa pamoja na joto la maabara siku hiyo. Chupa isiyo na mstari wa mwisho huwa siikubali mezani kwangu.

Unga wenyewe uweke mbali na mwanga na kifuniko kikazwe, kwa kuwa hewa huuchakaza taratibu na kuzaa peroksidi zinazoharibu dawa. Na toleo moja halifanani kabisa na jingine. Siku ukifungua mkebe mpya, tengeneza gramu 50 za asilimia 18 kwa maji matupu, jaza vichupa 4, na uanze tena nyuzi 15.